Siku Niliyotoka kwa Mama Belita

Nimeacha kusuka. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kukakamaa msimu wa baridi uliopita, na msusi asiyeweza kuubana uzi kati ya vidole viwili hana la kufanya kwenye kichwa cha mtu. Wasichana niliowaachia saluni hapa Tunduma walinipikia chakula, wakanivisha kitenge, wakasema maneno mengi mazuri, na mengine yalikuwa ya kweli. Mwishoni mmoja wao akaniambia, "Bibi, tuandikie ulivyoanza." Basi naandika. Habari za malipo nitaziacha, maana ya zamani yatawachekesha nyinyi, na ya sasa yananichekesha mimi. Nitaeleza habari za vichwa, na za mwanamke aliyenifundisha kazi, na jinsi nilivyotoka kwake.

Jina langu ni Tabita. Wanaume wa ukoo wetu ni akina Simbeye, na sisi wanawake tunaitwa Nambeye, ndivyo tulivyo Wanamwanga. Nilizaliwa upande wa Chitete enzi za Mwingereza. Siku hizo Chitete haikuwa na ofisi wala bendera. Ilikuwa na mashamba ya mtama, mbuzi, na njia mbaya ambayo naona hadi leo haijajifunza adabu. Mama yangu ndiye aliyekuwa akisuka wanawake wa kijijini baada ya kutoka shamba. Alinifundisha kugawa nywele kwa mwiba, kulainisha kwa mafuta ya nyonyo, kuzungushia uzi bila kuukaza hadi macho ya mtu yakapanda juu. Alikuwa akiniambia nisiangalie mikono yangu, niangalie uso wa ninayemsuka. Akikunja uso, basi mkono wangu umekosea, hata kama mstari umenyooka.

Niliolewa, nikapata binti, Lusia. Mume wangu akavuka mpaka kwenda migodini Rhodesia ya Kaskazini, kama wanaume wengi wa kwetu. Mwanzoni zilikuja salamu, baadaye hazikuja. Nikamfunga Lusia mgongoni nikaja Tunduma, kwa sababu mabasi yote ya kutoka huko yalipita hapa, na mimi kwa akili za ujana niliona nikikaa karibu na barabara nitamwona akishuka. Hakushuka. Huenda bado yuko njiani.

Nilifikia kwa watu wa kanisani, na siku chache baadaye nikapita mbele ya nyumba ya Mama Belita.

Mama Belita alikuwa Mnamwanga wa ng'ambo, aliyekaa miaka mingi kwenye miji ya migodi. Watu wa huko walimwita Bana Belita, kwa Kibemba, maana yake ni hiyo hiyo. Mume wake alipofariki alirudi upande huu wa mpaka na vitu viwili ambavyo Tunduma haikuwa imeviona: kioo kinachomwonyesha mtu kuanzia kichwani hadi magotini, na kitana cha chuma cha kunyooshea nywele. Alikodi chumba cha matofali mabichi kilichotazama barabara, akaweka benchi, jiko la mkaa, na kiti kimoja chenye mgongo. Neno saluni hatukulijua. Tulisema tunakwenda kwa Mama Belita, ikatosha.

Siku ile alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitazama mimi, alimtazama Lusia mgongoni.

"Nani kamsuka mtoto huyu?"

Nikapiga goti, nikapiga makofi ya salamu kama tulivyofunzwa. "Ni mimi, mama."

Akapitisha kidole kwenye mistari ya kichwa cha Lusia, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. "Ingia ndani," akasema.

Sikuulizwa natoka wapi. Jioni hiyo alinionyesha chumba cha nyuma, akanipa mkeka na blanketi, akasema mtoto asilale karibu na ukuta, una unyevu. Nikakaa hapo hadi siku ninayotaka kuwaeleza.

Nataka mjue alikuwa mwalimu mzuri. Siku ya kwanza hakuniruhusu kushika kichwa cha mtu. Alinipa kitana cha chuma na kipande cha karatasi nyeupe. Kitana kinawekwa juu ya mkaa, kinatolewa, kinalazwa kwenye karatasi. Karatasi ikiwa kahawia, kitana ni cha moto mno, kipungie hewani. Ikibaki nyeupe, sawa, pitisha. Nilipiga pasi karatasi siku nzima. Alinifundisha pia kuweka kitambaa chenye maji juu ya sikio, kukausha nywele kabisa kabla chuma hakijagusa, kwa kuwa maji yakikutana na chuma hugeuka mvuke na mvuke haujui kichwa ni cha nani. Alinifundisha kuanzia kisogoni na kumalizia mbele, penye ngozi nyembamba, wakati moto umeshapungua. Mambo hayo nimewafundisha nyinyi wote, na nyinyi mlidhani ni yangu.

Wateja wetu walikuwa wake za makarani na polisi wa mpakani, wake za wafanyabiashara, na zaidi ya wote, wanawake waliokuwa wakiwafuata waume zao migodini. Hao walishuka kwenye basi wakiwa na vumbi la safari, na hofu. Walikuwa hawajaonana na waume zao muda mrefu, na hakuna aliyetaka kufika mjini akionekana katoka kulima asubuhi. Mama Belita aliwapokea kwa sauti kubwa, kwa Kibemba cha heshima cha huko migodini: "Mwaiseni, mukwai! Karibuni sana!" Akawakalisha, akawapa maji ya kunywa kwanza. Alijua kwamba mwanamke mwenye wasiwasi hukaza shingo, na shingo iliyokaza inaharibu kazi.

Mimi nilikuwa wa kusuka, yeye wa chuma. Nakumbuka mama mmoja wa milima ya Ileje, Mndali, aliyekuwa hajachana nywele tangu alipomaliza matanga ya mama yake. Zilikuwa zimeshikana kama manyoya ya kondoo aliyelala kwenye miiba. Nilianza asubuhi kwa mafuta ya nyonyo na ncha za vidole, fundo kwa fundo. Alisinzia. Niliendelea hadi jua likageuka upande wa pili wa nyumba, ndipo akaamka akaniuliza, "Mwanangu, utaanza saa ngapi?" Nikampa kioo. Alijitazama, akacheka, kisha akalia, akasema amefanana na mama yake. Nimesifiwa mara nyingi tangu hapo, lakini hakuna aliyenisifu kama yule aliyedhani sijaanza.

Sasa nieleze palipoharibikia. Jina la Mama Belita lilienea, mabasi yakaongezeka, benchi likajaa, watu wakaanza kusubiri nje kwenye jua. Mtu mwingine angeongeza viti. Yeye aliongeza haraka. Kwanza karatasi ilitoweka.

"Karatasi ya nini tena?" akaniambia nilipomuuliza. "Mkono wangu unajua."

Baadaye kitambaa cha sikio nacho kikasahauliwa. Kisha akaanza kupitisha chuma kwenye nywele ambazo hazijakauka. Nilianza kusikia pumzi za wanawake zikikatika kwenye kile kiti. Mtu akishtuka, Mama Belita alimpaka mafuta ya mgando kwenye alama, akamwambia, "Vumilia, mukwai, ndivyo mjini wanavyofanya." Na wao, kwa kuwa walikuwa wakienda mjini, walivumilia.

Niliongea naye siku moja tukipika ugali. Nilisema, "Mama, yule wa leo ametoka na lengelenge shingoni."

"Alitikisika."

"Alitikisika kwa sababu aliungua, Mama."

Akaendelea kusonga. "Tabita, unajua kusuka. Nikuombe ushauri wa kusuka, utanipa. Hili niachie."

Tangu hapo nilianza kufikiria kuondoka, na nilifikiria muda mrefu. Wanawake wa kwenye benchi walikuwa wakininong'oneza, "Na mikono hiyo, wewe unafanya nini hapa?" Swali rahisi kwa mwenye kwao pa kurudi. Mimi nilikuwa nalala kwenye chumba chake. Na kulikuwa na jambo lingine zito kuliko chumba. Mwaka wa kwanza Lusia aliugua homa hadi macho yakageuka, na ni Mama Belita aliyesimama katikati ya barabara akasimamisha lori la mahindi, akambembeleza dereva na kumtukana kwa pamoja, akanipandisha, akapanda na yeye, akamshika mtoto kifuani njia nzima hadi hospitali ya misheni. Alifunga kazi yake kwa ajili ya mtoto ambaye si wake. Mtu kama huyo unamwachaje? Nikawa kila nikiona mtu ameungua nasema nitaondoka, na kila nikimwona Lusia anacheza nasema nitabaki.

Ndipo akaja Rhoda.

Rhoda alikuwa binti wa pale pale Tunduma, mpole, aliyekuwa anaolewa na mwalimu wa shule kutoka Nanyala. Ndoa ilikuwa kesho yake kanisani. Ndugu wa bwana harusi wangefika asubuhi kwa lori, na kati yao mama mkwe, mwanamke ambaye sifa zake zilikuwa zimeshafika kabla yake: ilisemekana haachi kitu bila kukikagua. Rhoda alikuja mchana na shangazi yake, aliyemlea. Alitaka nywele zinyooshwe zote zirudi nyuma, shela ikae vizuri.

Benchi lilikuwa limejaa. Basi la kuvuka mpaka lilikuwa linangoja watu wetu, dereva anapiga honi. Mama Belita alinyoosha upande wa kulia na nyuma, vizuri kabisa, lazima niseme hivyo. Zilishuka hadi mabegani zikang'aa. Alipofika mbele upande wa kushoto, dereva akapiga honi tena. Mama Belita akachomoa kitana kwenye makaa, akakipitisha moja kwa moja.

Rhoda hakupiga kelele. Alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba. Nilipogeuka niliona moshi, na nywele zimebaki kwenye meno ya kitana. Juu ya paji la uso palibaki wazi bila nywele, pekundu, pana kama kiganja cha mtoto, na ngozi ilikuwa inaanza kuvimba.

Nikachukua kata ya maji baridi nikammwagia. Shangazi akapiga ukelele.

"Umemfanyaje mwanangu? Umemfanyaje?"

Kwa wasiojua, nieleze. Kwetu kichwa kilichonyolewa ni kichwa cha msiba. Mwanamke hunyolewa akifiwa. Hatungeweza kumnyoa Rhoda zote zilingane, kwa sababu bibi harusi mwenye kipara angekuwa amewaingizia wakwe kilio nyumbani kabla hata hajala chakula chao. Kitambaa nacho kisingesaidia, maana baada ya kanisa wanawake wa upande wa mume humfunua bibi harusi, wakamtazama na kumshika kichwa. Shangazi aliyajua haya yote, ndiyo maana alilia vile.

Mama Belita alisimama na kitana mkononi. Akasema, "Nywele zake ni dhaifu. Ndivyo alivyozaliwa. Mfungeni kitambaa mwende nyumbani." Kisha akawageukia wa kwenye benchi. "Anayefuata."

Shangazi akamwinua Rhoda. Walipita mlangoni, Rhoda ameinamisha kichwa, maji yanamchuruzika kwenye gauni. Hakuna aliyekalia kile kiti.

Nikavua aproni. Mama Belita akaniona, akanivuta hadi chumba cha nyuma, akasukuma mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kwao. Nadhani naweza kumsuka akafunikika."

"Kaa. Watu wanasubiri."

"Mama, twende wote. Wewe umwambie pole, mimi nitamsuka. Tutarudi jioni."

"Nikienda, nimekubali mbele ya Tunduma nzima kwamba nimemwunguza."

"Umemwunguza, Mama. Wote wameona."

Nilidhani atanipiga. Badala yake akafungua kitambaa chake cha kichwa, ambacho hakuwahi kukivua mbele yangu, hata akiwa mgonjwa. Kuanzia sikio hadi utosini hapakuwa na nywele. Palikuwa na ngozi iliyokunjamana, inayong'aa, ya kovu la zamani.

"Tazama vizuri," akasema. "Unadhani mimi sijaungua? Niliunguzwa na yule aliyenifundisha, huko mjini, siku niliyotaka kupendeza. Sikupiga ukelele. Nilifunga kitambaa, nikajifunza kazi, nikala, nikasomesha mtoto. Wote tunaungua, Tabita. Huyo naye atafunga kitambaa."

Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote. Nilitaka kukichukua kile kitambaa nimfunge mwenyewe, nikae, nirudi kwenye benchi. Ningekaa, nina hakika, kama angesema maneno hayo siku nyingine. Lakini nilikuwa nimeuona uso wa Rhoda akipita, na sikuona kwa nini kovu la mwanamke mmoja liwe sababu ya kovu la mwingine.

"Pole sana, Mama," nikasema. "Nakwenda."

"Ukivuka mlango huo usirudi. Na usilale hapa."

Nikamfunga Lusia mgongoni. Nikachukua sindano yangu butu, uzi mweusi, na chanuo cha mti nilichokuja nacho. Vya kwake sikugusa. Nikapiga goti, nikamshukuru kwa mtoto wangu, kwa lori, kwa mkeka. Alikuwa amenipa mgongo, anajifunga kitambaa. Nikatoka mbele ya benchi lote.

Kwa shangazi nilikuta wanawake wamekaa chini kama walio msibani kweli. Nikawaomba maji ya baridi, kitambaa safi, na asali. Tulimpoza Rhoda hadi mwili ukaacha kutetemeka, kisha nikampaka asali kidogo palipoungua. Halafu nikakaa nikamtazama tu. Shangazi akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia natafuta mahali pa kusimamisha nguzo.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Msuko wowote huvuta ngozi, na ngozi ile haikuweza kuvutwa wala kuguswa. Nilichohitaji ni nywele zinazopita juu ya kidonda bila kukilalia, kama paa linavyopita juu ya kitanda. Kuta zangu zilikuwa kulia, utosini na nyuma ya sikio la kushoto, penye ngozi nzima. Nilisuka mistari myembamba kuzunguka kidonda, niliyoikaza kwa uzi ikawa ukingo. Kisha nikachukua zile nywele ndefu za kulia, nikazivusha mbele ya paji la uso kwa mawimbi mapana, nikazishona kwenye ukingo kwa sindano. Na hapa niseme haki: zisingefika kama Mama Belita hakuwa amezinyoosha. Kazi yake nzuri ndiyo ilifunika kazi yake mbaya.

Rhoda alinishika goti muda wote. Nilimwambia akiumia akaze mkono, asiseme "hapana" kwa adabu. Alikaza mara nyingi, na kila mara nilifumua nikaanza upya. Jua lilipokuwa linazama, shangazi alizunguka mbele yake, akaweka mikono kifuani. Akasema, "Huyu amesukwa. Huyu hajafichwa."

Kesho yake kanisani nilikaa nyuma kabisa, nimepakata Lusia, sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa naangalia kichwa. Shela ilikaa. Watu wa Nanyala waliimba. Lakini mimi nilikuwa naogopa kule kufunuliwa nyumbani, na nyumbani tukafika.

Wanawake wa mume wakamkalisha Rhoda kwenye mkeka, wakamfunua. Mama mkwe alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho madogo. Akatazama meno ya bibi harusi, akatazama mikono, kisha akaweka kiganja kichwani, akakipitisha kwenye mawimbi taratibu. Nikaona kiganja kimesimama. Kilikuwa juu ya lile paa langu. Akainama kana kwamba anambusu Rhoda, na kwa kuwa nilikuwa nimepiga magoti karibu nikishika shela, nikamsikia akinong'ona, "Inauma, mwanangu?"

Rhoda akajibu, machozi yanamlengalenga, "Kidogo, mama."

"Basi leo usicheze kwa kutikisa kichwa. Wakikulazimisha, sema mimi nimekataza."

Akainuka, akawageukia wanawake wenzake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Huyu amesukwa na mtu anayejua kazi! Nani aliyemsuka?"

Wakaninyooshea kidole. Nilikuwa nimevaa gauni lile lile la jana, lenye asali kwenye mkono. Mama mkwe akanitazama muda, akatikisa kichwa mara moja, kama mtu mzima anavyomkubali mtu mzima mwenzake. Nawaambia wasichana wangu, nimepewa vyeti baadaye, vingine vina fremu. Hakuna nilichokitundika moyoni kama kile kichwa kilivyotikisika.

Shangazi wa Rhoda alinipa chumba na baraza. Mwanzo ulikuwa mgumu, sitasema ulikuwa mtamu. Nilikuwa na kigoda, chanuo na uzi, basi. Lakini wanawake walikuja, kwanza wa kanisani, halafu wa mabasi, halafu wakaanza kutoka mbali, hata Mbangala, wakiuliza "yule wa Rhoda." Sikuwahi kumsema Mama Belita. Mtu akianza kumsema kwenye kigoda changu, nilimwambia akae kimya nisije nikakosa mstari. Yeye naye hakunisema, ingawa tulikuwa tunaonana kwa mbali barabarani kila siku, na kila siku mmoja wetu alipata cha kutazama upande mwingine. Lusia tu ndiye aliyemkimbilia, na Mama Belita hakuwahi kumfukuza.

Mvua zilikuja, zikaisha. Siku moja asubuhi nilikuwa nafagia baraza, nikamwona anakuja, kitambaa chake kimefungwa vizuri, amemshika mkono mwanamke mgeni, msafiri, mwenye mzigo kichwani. Nikaweka ufagio chini. Nikapiga goti.

"Mwaiseni, Mama," nikamwambia. "Karibu."

Akamtua yule mwanamke mzigo, akamkalisha kwenye kigoda changu kama kiko kwake.

"Huyu anataka chuma," akasema. "Nimemfungua kitambaa nikaona ana vidonda kichwani. Sikumgusa. Nikamwambia mimi siwezi, lakini namjua anayeweza."

Yule mwanamke akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nikaosha mikono. Nikagawa nywele. Kweli, kulikuwa na vidonda vidogo vya mikwaruzo, karibu vipone. Mama Belita hakuondoka. Alisimama nyuma yangu, mikono ameifunga kiunoni, nami nikaanza kusimamisha ukingo na kuvusha nywele juu bila kugusa. Nilikuwa nasikia anavyopumua kila sindano inapopita.

Nilipofika nusu akauliza, "Hapo ulipozungusha. Uliufunga uzi kwanza au ulianza na nywele?"

"Nywele kwanza, Mama. Halafu uzi."

Akavuta gogo lililokuwa ukutani, akaketi pembeni yangu, akanyoosha vidole vyake, vile vyenye ngozi ngumu ya miaka ya moto.

"Nionyeshe," akasema. "Polepole."

Nikashika vidole vya mwalimu wangu, nikaviweka kwenye nywele.